Kufuli Mlangoni Halilipi Deni: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Kukodisha

Tarehe 5 ya mwezi imepita. Mpangaji wa chumba nambari 6 hajalipa kodi, na huu ni mwezi wa tatu. Simu yake inaita bila kupokewa. Mwenye ploti naye ana mkopo wa Sacco alioutumia kujenga vyumba hivyo, na Sacco haimsubiri mtu. Jioni hiyo anamtuma mwangalizi wa ploti dukani akanunue kufuli jipya. Mpangaji atakaporudi na watoto wake atakuta mlango umefungwa, na vyombo, nguo na vitabu vya shule vimo ndani.

Wenye nyumba wengi huamini kwamba hatua hiyo ni haki yao. Nyumba ni yangu, deni ni langu, kwa nini nisifunge? Lakini mbele ya sheria, kufuli hilo ndilo huanza kuharibu kesi ya mwenye nyumba. Hadi saa kumi jioni yeye ndiye aliyekuwa akidai. Kufikia asubuhi, mpangaji naye ana madai yake: amefukuzwa bila amri ya mahakama, mali yake imezuiliwa, na pengine kuna kitu kimepotea. Deni la shilingi 13,500 linaweza kumletea mwenye nyumba gharama ya wakili na fidia inayozidi deni lenyewe.

Nyumba za kukodisha ndizo makazi ya wakazi wengi wa miji ya Kaunti ya Nakuru, kuanzia Kaptembwo na Rhonda hadi Karagita kule Naivasha na mitaa inayozunguka chuo kikuu Njoro. Makala haya yanaeleza namna mwenye nyumba anavyoweza kulinda mapato yake bila kuvunja sheria, na ni hatua zipi anazopaswa kuchukua kabla deni halijawa kubwa.

Nyumba ipi, sheria ipi

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nyumba zote za kukodisha zinatawaliwa na sheria moja. Kuna makundi matatu.

Kundi la kwanza ni nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hizi ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Kiwango hicho ni cha zamani na nyumba nyingi za mjini zimekipita, lakini vipo bado vyumba vya mabati na mbao ambavyo kodi yake haijafika hapo. Kwa nyumba hizi, mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji bila idhini ya jopo la kodi lililoundwa na sheria hiyo. Tena ni kosa la jinai kumsumbua mpangaji makusudi, kwa mfano kumkatia maji, ili ahame au akubali kulipa zaidi.

Kundi la pili ni maduka, hoteli, mikahawa na vibanda vya kutolea huduma kwa malipo, kama kinyozi au fundi wa simu. Hapa sheria ni Sura ya 301. Ikiwa hakuna mkataba wa maandishi, au mkataba uliopo ni wa muda usiozidi miaka 5, mpangaji analindwa. Mwenye jengo akitaka kumwondoa au kuongeza kodi, ni lazima atoe notisi kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, na ianze kufanya kazi miezi 2 au zaidi baada ya mpangaji kuipokea. Barua ya kawaida, hata ikiwa na muhuri, haitoshi. Mpangaji anaweza kuipinga notisi hiyo mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, na akifanya hivyo haondoki hadi jopo liamue.

Kundi la tatu ni nyumba za kuishi zinazolipiwa zaidi ya shilingi 2,500. Hizi huongozwa na makubaliano ya pande mbili pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba unaotaja muda wa notisi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Mzozo ukishindikana kutatuliwa, huenda katika mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kesi za ardhi.

Tofauti hizi zina uzito. Mwenye jengo ambaye ghorofa ya chini ana maduka na juu ana vyumba vya kuishi anasimamia makundi mawili ya wapangaji chini ya paa moja, na notisi inayofaa juu haifai chini.

Mkataba wa kurasa mbili

Wapangaji wengi huingia nyumba kwa maneno ya mdomo: wamelipa, wamepewa ufunguo, basi. Mambo yakiwa mazuri hakuna anayekumbuka yaliyosemwa. Yakiharibika, kila upande hukumbuka tofauti.

Mkataba si lazima uwe mrefu. Kurasa mbili kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa zinatosha, mradi zitaje majina na nambari za vitambulisho, nambari ya chumba, kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, kiasi cha amana na masharti ya kuirudisha, nani analipia maji, umeme, taka na ulinzi, muda wa notisi kwa kila upande, na ikiwa mpangaji anaruhusiwa kumkaribisha mpangaji mwingine ndani ya nyumba hiyo. Pande zote mbili zitie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Mkataba pia ufuate maisha ya wapangaji wa eneo hilo. Kando ya Ziwa Naivasha wapangaji wengi hufanya kazi katika mashamba ya maua. Kuwataka walipe tarehe 1 wakati mshahara huingia siku kadhaa baadaye ni kutafuta deni lisilo la lazima. Njoro, ambako wanafunzi ni wengi, mkataba useme wazi ikiwa chumba kinalipiwa wakati wa likizo ndefu. Jambo hilo moja likiandikwa Septemba huzuia ugomvi wa Desemba.

Nakala za vitambulisho ambazo mwenye nyumba huchukua ni taarifa za kibinafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zihifadhiwe mahali salama. Kubandika jina na kitambulisho cha mdaiwa langoni, au kuvitupa katika kundi la WhatsApp la ploti ili aone haya, ni kujitafutia lawama ya pili.

Amana ni pesa za mpangaji

Hakuna jambo linaloleta ugomvi siku ya kuhama kama amana. Mwenye nyumba wengi huitumia mara tu wanapoipokea, kisha mpangaji akitoa notisi hawana cha kurudisha. Ndipo lawama za rangi ya ukuta na kitasa kilicholegea huanza kutafutwa.

Dawa ni kuandika hali ya nyumba siku ya kuingia. Mwenye nyumba au mwangalizi atembee na mpangaji chumba kwa chumba, wapige picha za kuta, madirisha, sinki, choo, soketi na mlango, na waandike kasoro zilizopo. Siku ya kutoka warudie hatua hiyo wakiwa na picha zilezile. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia kwa miaka 3, si uharibifu wa mpangaji. Kioo kilichovunjwa ni uharibifu wake. Kila kinachokatwa kwenye amana kiwe na risiti ya fundi au ya duka la vifaa. Ikiwa mwenye nyumba anataka mpangaji agharamie kupaka rangi anapohama, hilo liwe ndani ya mkataba tangu mwanzo, si habari mpya siku ya kubeba vitanda.

Amana ihifadhiwe kando, hata kama ni katika akaunti ndogo ya Sacco. Na isichukuliwe kuwa kodi ya mwezi wa mwisho isipokuwa wamekubaliana hivyo kwa maandishi, kwa sababu mwenye nyumba hubaki bila kinga mpangaji akiondoka na kuacha uharibifu.

Malipo yaache alama

Kodi ikipokelewa taslimu mkononi bila risiti, haipo. Njia rahisi ni nambari ya Paybill au Till ya M-Pesa, au akaunti ya benki, ambapo mpangaji huandika nambari ya chumba. Anayepokea taslimu akate risiti papo hapo kutoka kitabu chenye nakala.

Mwenye nyumba naye awe na daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila chumba: tarehe, kiasi kilicholipwa, kilichobaki. Ni jambo dogo, lakini mbele ya jopo au hakimu daftari lililojazwa kila mwezi lina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Ikiwa mwangalizi ndiye hukusanya kodi, mwenye nyumba alinganishe daftari na pesa zilizoingia kila mwezi. Zipo kesi ambapo mpangaji alifukuzwa ilhali alikuwa amelipa, ila pesa ziliishia njiani.

Kodi ikichelewa

Deni la miezi mitatu lilianza likiwa deni la siku tatu, na wakati huo lilikuwa rahisi kushughulikia. Mwenye nyumba anashauriwa kufuata ngazi hizi.

Siku chache baada ya tarehe ya malipo kupita, atume ujumbe wa kukumbusha wenye heshima, unaotaja kiasi na tarehe. Wiki ya pili azungumze na mpangaji ana kwa ana. Huenda amepoteza kazi, ameuguliwa, au amecheleweshewa mshahara, na huenda pia hana nia ya kulipa. Mazungumzo hayo ndiyo yatakayoonyesha.

Anayetaka kulipa awekewe mpango wa maandishi. Kwa mfano, mwenye deni la shilingi 13,500 anayelipa kodi ya 4,500 anaweza kukubali kulipa 6,750 kila mwezi, yaani kodi ya mwezi huo na nusu ya kodi juu yake, na deni lote litaisha baada ya miezi 6. Kwa mwenye nyumba, mpango huo unaweza kuwa afadhali kuliko chumba kitupu kinachosubiri rangi na mpangaji asiyemjua.

Mpango ukivunjwa, hatua inayofuata ni notisi ya maandishi, ya aina inayohusu kundi la nyumba husika. Nakala ibaki na mwenye nyumba, na mpangaji aweke sahihi ya kuipokea au ipelekwe mbele ya shahidi. Wazee wa Nyumba Kumi na chifu wanaweza kusaidia kupatanisha, na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Lakini ieleweke kwamba chifu hana mamlaka ya kuamuru mpangaji atolewe. Mamlaka hayo ni ya mahakama au jopo.

Je, mali ya mpangaji inaweza kuzuiliwa kwa sababu ya deni? Ndiyo, Sheria ya Kukamata Mali kwa Deni la Kodi, Sura ya 293, inaruhusu, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni anayefuata kanuni. Huorodhesha mali na kumpa mpangaji muda wa kulipa kabla ya mnada. Kwa nyumba na maduka yaliyo chini ya majopo, idhini ya jopo hutafutwa kwanza. Vijana wa mtaa waliolipwa shilingi 500 kila mmoja kubeba televisheni si madalali, na kitendo hicho kinaweza kuitwa wizi.

Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji au umeme na kuweka kufuli juu ya kufuli ni njia ambazo mwenye nyumba anapaswa kuzisahau kabisa. Zaidi ya kesi, huwaumiza wasiohusika na deni: mtoto anayejiandaa kwa mtihani, mama mjamzito, mgonjwa.

Na ikiwa mpangaji ametoroka usiku na kuacha vitu nyuma? Mwenye nyumba asivunje akiwa peke yake. Apige ripoti polisi, afungue mbele ya mashahidi, aandike orodha na kupiga picha kila kitu, avihifadhi, kisha aombe mwelekeo wa mahakama kabla ya kuuza chochote.

Upande wa mwenye nyumba

Mpangaji ana wajibu wa kulipa kodi kwa wakati, kutunza nyumba na kutokodisha kwa mtu mwingine bila ruhusa. Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Chini ya Sheria ya Ardhi, nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kwa makazi ya binadamu tangu mpangaji anapoingia hadi anapotoka. Katika jengo lenye wapangaji wengi, paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji taka, ngazi na njia za pamoja ni jukumu la mwenye jengo. Mpangaji pia ana haki ya kukaa kwa utulivu. Mwenye nyumba anaweza kuingia kukagua au kurekebisha, lakini kwa wakati unaofaa na baada ya kutoa taarifa. Ufunguo wa ziada si ruhusa ya kuingia mpangaji akiwa kazini.

Mambo matatu yanahitaji uangalifu wa pekee katika kaunti hii.

La kwanza ni maji ya visima. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa huwa na madini mengi ya floridi, ambayo hubadilisha rangi ya meno ya watoto na, yakizidi kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Mwenye ploti aliye na kisima ayapime maji katika maabara na awaambie wapangaji matokeo. Kama kiwango kimezidi, maji hayo yatumike kufulia na kusafishia, na ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine.

La pili ni choo na taka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha yenye usafi unaofaa. Shimo la choo linalofurika ni hatari ya kipindupindu kwa mtaa mzima, na afisa wa afya ya umma anaweza kumwagiza mwenye ploti arekebishe au ashtakiwe chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka, kwa hivyo ploti iwe na mapipa mawili, la taka zinazooza na la zisizooza.

La tatu ni hewa. Molo, Mau Narok na sehemu nyingine za juu hupata baridi kali, na wapangaji huingiza jiko la makaa chumbani wakafunga mlango na dirisha. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Tundu la hewa juu ya dirisha lisizibwe, na mwangalizi awakumbushe wapangaji kila msimu wa baridi unapoanza.

Anayetaka kuongeza vyumba au ghorofa aombe kwanza idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Jengo lililoongezwa ghorofa kwa siri huhatarisha maisha, na huweza kuamriwa kubomolewa.

Ushuru wa mapato ya kodi

Mkazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hulipa Mamlaka ya Ushuru (KRA) asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, bila kuondoa gharama. Kiwango hicho kilianza Januari 1, 2024, kutoka asilimia 10. Malipo hufanywa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mwenye vyumba 8 vya shilingi 4,000 akipokea 32,000, ushuru wake ni shilingi 2,400. Vyumba viwili vikikaa wazi akapokea 24,000, atalipa 1,800. Mwezi ambao hakupokea chochote bado anapaswa kuwasilisha fomu inayoonyesha sufuri. Daftari la kodi lililotajwa hapo juu ndilo litakalorahisisha hesabu hii. Kodi za maduka na ofisi hazimo katika utaratibu huu. Hujumlishwa katika hesabu ya mapato ya mwaka.

Kwa ufupi

• Andika mkataba, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja.
• Piga picha za nyumba siku ya kuingia na siku ya kutoka.
• Weka amana kando.
• Pokea kodi kwa njia inayoacha rekodi.
• Zungumza mapema deni linapoanza, kisha mpango wa maandishi, kisha notisi, kisha jopo au mahakama.
• Usifunge, usikate maji, usibebe mali bila dalali mwenye leseni.
• Pima maji ya kisima, tunza choo, acha tundu la hewa.
• Lipa ushuru kufikia tarehe 20.

Mwenye nyumba au mpangaji anayehitaji maelekezo kuhusu maji taka, afya ya umma, taka au idhini ya ujenzi afike katika ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu naye. Kuhusu notisi na majopo ya kodi, karani wa mahakama ataeleza ni fomu ipi inayohitajika na inapelekwa wapi. Safari hiyo igharimu nauli ya matatu leo, kuliko kununua kufuli ambalo litaletwa mahakamani kama ushahidi.